Kundi la F4 la Kweli ni Lipi?

Tamthilia za televisheni kutoka Japani, Taiwan, Korea Kusini na China zimeacha alama ya pekee kwa watu waliokuwa wanafunzi kati ya miaka ya mwanzo ya 1990 na ile ya mwanzo ya 2010. Wengi wao sasa ni wazazi, wana ajira na madeni. Hata hivyo, ukipigwa wimbo wa kufungulia tamthilia waliyoitazama wakiwa sekondari, huuimba hadi mwisho, hata kama lugha yenyewe hawaijui. Hamu hii haiwashiki kwa kila walichowahi kukitazama. Huwashika kwa tamthilia chache za umri fulani, na mara nyingi kwa toleo moja tu la hadithi ambayo imesimuliwa mara nyingi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni kisa cha msichana maskini na wavulana wanne matajiri waitwao F4. Kisa hicho kimeigizwa upya kuanzia Taiwan hadi Thailand, na kila kizazi kinaapa kwamba F4 wake ndio wa kweli.

Kisa chenyewe kilianza kama hadithi ya katuni. Mwaka 1992 mchoraji Yoko Kamio wa Japani alianza kuchapisha Hana Yori Dango katika Margaret, jarida la wasichana la kampuni ya Shueisha. Tsukushi Makino, binti wa familia isiyo na mbele wala nyuma, anasoma Eitoku, shule ya watoto wa wakubwa, kwa sababu wazazi wake wanajinyima ili naye aonekane miongoni mwa watu. Shule iko mikononi mwa vijana wanne ambao hata walimu wanawaogopa. Anayewaudhi hukuta karatasi nyekundu kwenye kabati lake, na tangu dakika hiyo wanafunzi wote wana ruhusa ya kumtesa. Makino anapata karatasi hiyo, anavumilia, kisha siku moja uvumilivu unamwishia na anamshushia kipigo kiongozi wao, Tsukasa Domyoji. Domyoji, ambaye hajazoea kupingwa, anampenda papo hapo. Mabuku 37 ya katuni hiyo yameuzwa kwa zaidi ya nakala milioni 50.

Wakati katuni hiyo ikisomwa Japani, njia za kusafirishia hadithi za namna hiyo zilikuwa zikifunguka kote Asia Mashariki. Mwaka 1991 kituo cha Fuji TV kilirusha Tokyo Love Story kila Jumatatu saa tatu usiku, sehemu 11 tu, tofauti kabisa na tamthilia za Amerika ya Kusini zinazokwenda mwaka mzima bila dalili ya kuisha. Mwaka huohuo Star TV ya Hong Kong ilianza matangazo ya setilaiti, na tamthilia za Kijapani zikaanza kuonekana Taiwan na kwingineko. Kisha ikaja VCD. Diski hiyo, ambayo kanuni zake ziliwekwa mwaka 1993, ilibeba takriban dakika 74 za picha. Ubora wake ulikuwa wa kubahatisha, lakini mashine zake zilikuwa za bei nafuu na kunakili diski ilikuwa kazi rahisi. Tamthilia moja ilijaza pakiti nzima ya diski. Ilikodishwa, ikaazimwa, ikazunguka darasani, na aliyeshika diski ya nne alikuwa na mamlaka makubwa juu ya waliokwishamaliza ya tatu.

Korea Kusini iliingia sokoni kwa kishindo baada ya mtikisiko wa uchumi wa Asia wa mwaka 1997. Vituo vya televisheni vya nchi jirani vilikuwa vimeishiwa fedha, na tamthilia za Kikorea ziliuzwa kwa bei ya chini kuliko za Kijapani. Serikali ya Seoul nayo ilikuwa imeshaamua kwamba filamu, muziki na tamthilia ni bidhaa za kuuza nje kama magari na meli, ikatunga sheria ya kukuza viwanda vya utamaduni mwaka 1999. Matunda yake yalifuatana haraka: Autumn in My Heart mwaka 2000, Winter Sonata mwaka 2002, Dae Jang Geum mwaka 2003, Full House mwaka 2004.

Winter Sonata inastahili kuzungumziwa kidogo. Iliporushwa Japani na shirika la NHK, mashabiki wake wakubwa hawakuwa wanafunzi. Walikuwa akina mama wa makamo, na maelfu yao walijazana uwanja wa ndege mwaka 2004 kumlaki mwigizaji Bae Yong-joon. Tamthilia hiyo inaanzia shule ya sekondari katika mji wa Chuncheon, theluji ikianguka, wanafunzi wawili wakitoroka darasa. Wanawake wale hawakuwa wameitazama wakiwa wasichana, kwa kuwa haikuwepo, lakini iliwarudishia usichana wao wote. Kwa hiyo tamthilia inaweza kumpa mtu hamu ya enzi za shule hata asipokutana nayo shuleni.

Kwa waliokutana nayo shuleni, ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo Taiwan inapoingia. Aprili 2001 kituo cha CTS kilianza kurusha Meteor Garden, iliyoandaliwa na Angie Chai kutokana na katuni ya Kamio. Makino akawa Shancai, akaigizwa na Barbie Hsu. Wavulana wanne walikuwa Jerry Yan, Vic Chou, Ken Chu na Vanness Wu, vijana ambao majina yao hayakuwa yakijulikana na ambao uigizaji wao, tuseme kweli, ulionyesha hivyo. Sekondari ikageuzwa chuo kikuu, na picha nyingi zikachukuliwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Chung Cheng, wilaya ya Chiayi. Ndani ya miezi michache waigizaji hao wanne walikuwa wametoa albamu wakiwa kundi la muziki lililoitwa F4. Jina hilo waliimba nalo hadi mwaka 2007, walipolibadili kuwa JVKV, herufi za kwanza za majina yao, kwa sababu ya haki za jina la asili.

Kwa nini ilinasa? Sehemu ya jibu ni kwamba ilimpa mwanafunzi picha anazoweza kuzibeba. Ipo ile ya Hua Ze Lei, yule mpole wa kundi, anayemwelekeza Shancai kusimama kichwa chini miguu juu ili machozi yasidondoke. Ipo ya Dao Ming Si, ambaye ndiye Domyoji wa toleo hili, kichwa kimejaa nywele zilizosokotwa kama nanasi, amesimama kwenye mvua kubwa akisubiri maelezo ambayo Shancai hawezi kumpa. Mtu mzima anaweza kuziona picha hizi kuwa za kitoto. Kwa kijana wa miaka 14 ambaye hajawahi kupendwa wala kuachwa, yalikuwa mafunzo ya vitendo.

Sehemu ya pili ya jibu ni kukatazwa. Mwaka 2002 mamlaka za utangazaji za China ziliamuru vituo vya televisheni visitishe Meteor Garden kwa madai kwamba inapotosha vijana. Amri hiyo ilihamisha tamthilia kutoka kwenye televisheni hadi kwenye VCD za magendo, mahali ambapo wanafunzi walikuwa wenyeji kuliko wakaguzi. Kitu kilichotazamwa kwa kujificha hakisahauliki upesi.

Ufilipino ilipata toleo hilohilo kwa njia ya halali kabisa, na pengine hakuna mahali lilipoota mizizi zaidi. Watazamaji wa huko walikuwa wamezoeshwa tamthilia za Meksiko, Marimar ikiwa mashuhuri kuliko zote. Mei 2003 kituo cha ABS-CBN kikaanza kurusha Meteor Garden ikiwa imeingizwa sauti za Kitagalogi. Mafanikio yake yalikifanya kituo pinzani, GMA, kikimbilie nacho tamthilia za Taiwan na Korea, na kwa miaka kadhaa ushindani wa vituo viwili vya Manila ulikuwa pia ushindani wa nani kaleta Waasia wazuri zaidi. Mwanafunzi wa Manila au Cebu wa miaka hiyo alimsikia Dao Ming Si akifoka kwa Kitagalogi. Leo akitazama kwa Kichina cha asili chenye maandishi chini, sura ni zilezile lakini watu ni wengine. Sauti alizokua nazo zilikuwa za waigizaji wa studio ambao hajui hata majina yao.

Wanasaikolojia wana maelezo ya kwa nini umri huo hushika kumbukumbu kuliko umri mwingine. Watu wazima wakiulizwa wakumbuke mambo ya maisha yao, kumbukumbu hurundikana kwenye kipindi cha takriban miaka 10 hadi 30. Mrundikano huo ulielezwa vizuri na David Rubin na wenzake mwaka 1986, na tafiti za baadaye zimeuona pia katika vitabu, filamu na hasa muziki ambao watu huutaja kuwa wanaupenda zaidi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba katika kipindi hicho mambo mengi hutokea kwa mara ya kwanza, na pia ndipo mtu anapojiundia picha ya yeye ni nani. Tamthilia ya kwanza kumliza mtu inahifadhiwa pamoja na rafiki wa kwanza wa kweli na aibu ya kwanza mbele ya darasa.

Jambo jingine ni ule uhusiano wa upande mmoja kati ya mtazamaji na mtu wa kwenye skrini, ambao Donald Horton na Richard Wohl waliuandikia mwaka 1956, televisheni ikiwa bado changa. Mtazamaji humjua mhusika kama anavyomjua jirani: anajua anavyocheka, anachokasirikia, anavyotembea akiwa na mawazo. Mhusika hamjui mtazamaji. Kwa kijana ambaye nyumbani haongei sana na shuleni hana kundi, uhusiano wa namna hiyo haukuwa mdogo.

Lakini maelezo ya kichwani hayatoshi bila ratiba. Shule ni mahali penye kengele, na tamthilia ya televisheni nayo ilikuwa na kengele yake. Sehemu mpya ilikuja siku na saa ile ile, ikakatishwa palepale mlango unapofunguliwa, na kesho yake asubuhi watu 40 wenye umri mmoja walikutana chumba kimoja wakiwa wameona kitu kimoja. Ambaye umeme ulikatika kwao alilazimika kusimuliwa, na msimuliaji mzuri aliongeza chumvi. Mtazamaji wa leo hujichagulia saa yake na kasi yake, jambo ambalo lina raha zake, ila hawezi kujichagulia darasa zima la kumalizia naye mjadala. Wanaoirudia tamthilia ya zamani na kuona kuna kitu kimepungua mara nyingi hulaumu tamthilia, wakati kilichopungua ni hao watu 40.

Afrika Mashariki ilipokea wimbi hili kwa kuchelewa na kwa mlango wake. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Miaka ya 2000 tamthilia ya Kifilipino Pangako Sa 'Yo, iliyojulikana kwa jina la The Promise, ilipata mashabiki wengi katika eneo hili, na mapenzi ya Yna na Angelo yakawa gumzo la wanafunzi na mama zao kwa pamoja. Za Kikorea zilikuja zaidi kwa DVD. Jumong ndiyo iliyotawala: sehemu 81 zilizorushwa na kituo cha MBC mwaka 2006 na 2007, zikisimulia maisha ya mwasisi wa ufalme wa Goguryeo, Song Il-gook akiwa ndiye steringi.

DVD hiyo ya mitaani ilikuwa na tabia zake. Iliuzwa na machinga ndani ya mfuko wa plastiki wenye karatasi ya picha iliyofifia, sehemu nyingi zikiwa zimebanwa kwenye diski moja. Maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini yalikuwa yametafsiriwa hovyo, hivi kwamba mfalme angeweza kuitwa kwa jinsia ya kike katika sentensi moja na ya kiume katika inayofuata. Na ilikwama. Ilikwama pale Jumong anapovuta upinde, si wakati wa mazungumzo ya mawaziri. Diski ilitolewa, ikafutwa kwa shati kutoka katikati kwenda nje, ikarudishwa, na wote wakanyamaza kuona kama itasoma. Shule nyingi za bweni hazikuwa na televisheni ya kutazama kila siku, kwa hiyo tamthilia ilitazamwa likizo na kusimuliwa muhula mzima. Wapo ambao Jumong hawakuiona kamwe kabla ya kumaliza kidato cha nne, ila waliijua yote kwa masimulizi ya bwenini.

Kulikuwa na mazoea ya kuzisimulia filamu za kigeni tangu zamani. Katika vibanda umiza, yaani kumbi za video za mitaani Tanzania, Lufufu alikuwa amewazoesha watazamaji kusikia filamu za nje zikielezwa kwa Kiswahili juu ya sauti za asili, na Kenya ilikuwa na DJ Afro. Kilichobadilika mwaka 2011 ni kwamba shirika la TBC lilirusha tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, waigizaji wote wakiwa wamepewa sauti za Kiswahili. Hadithi ya mke kijana aliyebanwa kati ya wazee wa pande mbili haikuhitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote wa pwani au bara. Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake mjini Dar es Salaam mwezi Machi 2013, na baadaye kampuni ya StarTimes iliendesha mashindano ya kutafuta Watanzania wa kwenda Beijing kuingiza sauti. Waliokuwa shule ya msingi wakati wa Doudou ni watu wazima sasa. Kwao Beijing inaongea Kiswahili, kama vile Taipei inavyoongea Kitagalogi kwa Wafilipino.

Tukirudi kwa F4, kisa kiliendelea kuzaa. Mwaka 2005 kituo cha TBS cha Japani kilikitengeneza kikiwa na Mao Inoue na Jun Matsumoto, kwa ufupi na kwa vichekesho, sehemu tisa tu za mwanzo, ikafuata awamu ya pili mwaka 2007 na filamu mwaka 2008. Mapema mwaka 2009 shirika la KBS la Korea Kusini likarusha Boys Over Flowers. Sehemu 25 zilimpandisha Lee Min-ho kutoka mwigizaji wa kawaida hadi nyota wa bara zima, na zikafika Afrika kwa diski na baadaye kwa flashi. Mwaka 2018 Angie Chai huyohuyo alirudi na Meteor Garden mpya, safari hii kwa kituo cha Hunan cha China Bara, nchi ambayo miaka 16 nyuma iliipiga marufuku ya kwanza. Desemba 2021 Thailand nayo ikaanza kurusha ya kwake.

Mabishano ya mashabiki kuhusu ipi bora hayana mwisho, na hoja za ubora humo ni mapambo tu. Aliyekuwa shuleni mwaka 2003 atasema Korea imezidisha mavazi na machozi. Aliyekuwa shuleni mwaka 2009 atasema ya Taiwan ina picha mbaya, na kwa picha yuko sahihi. Wapenzi wa katuni watawaambia wote wawili kwamba ya Kijapani pekee ndiyo iliyoelewa kichekesho chake. Mwaka wa kuzaliwa wa shabiki unatabiri jibu lake vizuri kuliko hoja yoyote anayoitoa.

Panapokuwa na ugumu wa kweli ni pale mtu mzima anapoirudia hadithi kwa macho mapya. Dao Ming Si anaamuru watu wapigwe. Anambusu msichana kwa nguvu, anamfuata hadi kazini kwake, anamnunulia vitu ili asiweze kukataa. Zamani hayo yote yaliitwa mapenzi makali. Watengenezaji wa matoleo ya karibuni wameliona tatizo na kulijibu kwa njia zinazopingana. Toleo la China la 2018 lililainisha uonevu: badala ya ilani ya kumtesa mtu, mwanafunzi hupewa karata ya jokari, nayo ni mwaliko wa kushindana na F4 katika mchezo wa karata. Toleo la Thailand lilikwenda upande wa pili. Liliuonyesha uonevu kwa ukali wake wote tangu sehemu ya kwanza na likamfanya mhusika mkuu ajibu kwa aliyoyatenda. La Thailand lina ujasiri zaidi, na ndilo linalompa mzazi aliyependa toleo la 2001 kitu cha kutazama na binti yake bila kuona haya.

Biashara nayo haikuachia hamu hii ipite bure. Korea Kusini ilitengeneza tamthilia zinazouza kumbukumbu moja kwa moja: Reply 1997, iliyorushwa na tvN mwaka 2012, na Reply 1988, iliyofuata mwaka 2015, zimejaa kaseti na sare za shule. Huduma za intaneti huzinunua tamthilia za zamani na kuzirudisha zikiwa zimesafishwa picha. Wakati mwingine muziki wa asili huwa umebadilishwa kwa sababu haki zake zimekwisha muda, na kwa shabiki hilo ni kosa lisilosameheka, maana wimbo ndio uliokuwa umeshika kila kitu.

Tarehe 2 Februari 2025 Barbie Hsu alifariki dunia akiwa matembezini Japani, baada ya mafua makali kugeuka homa ya mapafu. Alikuwa na umri wa miaka 48. Waliomlilia hawakuwa wa Taiwan pekee. Vipande vya Meteor Garden vilirushwa tena na tena Manila, Jakarta, Bangkok na Beijing, vikisambazwa na watu wenye umri wa miaka thelathini na arobaini. Julai ya mwaka huo wanaume wanne wa F4, wote sasa wakiwa na zaidi ya miaka 40, walipanda pamoja jukwaani Taipei katika onyesho la bendi ya Mayday. Waliimba nyimbo zao za zamani, na uwanja ukaimba nao.